Nyuki Asiye na Asali: Kwa Nini Ni Vigumu Kuwahesabu Nyuki wa Tanga

Nilipokuwa nimepanga chumba Muheza, bibi mwenye nyumba hakukosa cha kufagia barazani. Majani ya mwembe yalikuwa na msimu wake, ila unga wa mbao ulikuwa wa kila asubuhi: kirundo kidogo, cheupe kama unga wa muhogo, chini ya boriti ileile. Kwenye boriti palikuwa na tundu la mviringo lenye upana wa kidole cha mwisho, limechongwa sawasawa utadhani fundi amepita na keekee. Ukitulia unasikia kitu kinasaga ndani. Jua likipanda linatoka dude jeusi, nene, lina mistari miwili ya njano mgongoni, linavuma kama pikipiki iliyotoboka ekzosi.

"Dudu hili litaniangushia nyumba," bibi alilalamika.

"Bibi, huyu ni nyuki," nikamwambia.

Akaacha kufagia. "Nyuki? Na asali yake iko wapi, mwanangu?"

Swali lile ndilo kiini cha makala haya. Kwetu nyuki na asali ni kama nazi na tui: ukitaja kimoja, cha pili kimeshafika. Asiyetoa asali anatupwa kwenye kapu la "dudu", pamoja na nyigu, mavu na dondora. Lakini duniani zimeshapewa majina ya kisayansi zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, na nyuki wa asali tunayemjua ni spishi moja tu kati ya hizo. Afrika kusini mwa Sahara peke yake ina zaidi ya spishi 2,500. Wengi wao hawana mzinga, hawana malkia, hawana sega wala asali ya kurina. Jike mmoja anatafuta tundu lake, anakusanya chavua na mbochi, anafinyanga donge, anataga yai juu yake, anaziba, anaondoka. Kwa kawaida hufa kabla hajawaona wanawe wakiruka.

Dude la bibi ni mmoja wa hao wasio na mzinga wala asali. Jenasi yake, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, ni Xylocopa, na huyo mwenye mistari miwili kwa jina kamili ni Xylocopa caffra. Mbao hali. Anaitafuna na kuimwaga nje, ndio ule unga, apate ushoroba wa kulelea watoto. Ndani anapanga vyumba, kila kimoja kina mkate wa chavua na yai moja, na mayai ya kundi hili ni kati ya makubwa kabisa katika ulimwengu wa wadudu. Kiwambo kati ya chumba na chumba anakitengeneza kwa unga uleule uliobaki.

Nikamwongezea bibi jambo moja ambalo nadhani ndilo lililomwokoa yule mdudu na mafuta ya taa. Nyuma ya nyumba alikuwa na matuta manne ya biringanya. Ua la biringanya huficha chavua yake ndani ya vijifuko vyenye kitundu kidogo nchani, mfano wa kopo la chumvi ya mezani. Nyuki wa asali akitua pale hapati kitu cha maana, kwa sababu hajui kulitikisa kopo. Nyuki mweusi analikumbatia ua, anatenga mbawa zake, kisha anatetemesha misuli ya kifua mpaka chavua inamwagika tumboni kwake. Ukisimama karibu unausikia mlio ukibadilika ghafla: kuvuma kwa kuruka ni kuzito, na huku kwa kutikisa ni kwembamba, kwa mkupuo mfupi mfupi. Nyanya na nyanya chungu maua yao yana mtindo huohuo. Na pasheni, ambalo ua lake ni pana mno kwa mgongo wa nyuki mdogo, linamtegemea hasa huyu mnene.

Sasa turudi kwenye kuhesabu. Mtu akiuliza Tanga ina aina ngapi za nyuki-mwitu, anatarajia namba. Kabla ya namba kuna mafundo kadhaa ya kufungua, na la kwanza ni neno lenyewe.

Ulaya wakisema nyuki-mwitu wanamtoa nyuki wa asali, kwa kuwa kwao amekuwa kama ng'ombe wa maziwa: anafugwa, anasafirishwa, anachaguliwa mbegu. Kwetu mpaka huo hauna maana sana. Mrina asali wa Handeni anayetundika mzinga wa gogo juu ya mti hajanunua nyuki popote. Anasubiri kundi lipite, lipende, liingie. Njaa au moto ukija, kundi linahama na mwenye mzinga hana la kufanya. Huyo ni mwitu aliyepangishwa nyumba, si mfugo. Tena si mmoja kwa sura. Mwaka 1961 mtaalamu wa nyuki F. G. Smith aliitenga jamii ndogo ya pwani akaiita litorea, na ya milimani akaiita monticola, mbali na ile scutellata ya nyikani. Wapimaji wa vinasaba wakaja kuutikisa mpaka huo: uchambuzi wa nyuki wa Kenya uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba wa milimani na wa nyikani wanafanana karibu jenomu nzima, isipokuwa vipande viwili ambamo wametofautiana sana. Je, hao ni aina mbili au moja yenye nguo mbili? Kama nyuki tunayekula asali yake miaka yote ana utata wa namna hii, wale wasio na jina tuwafikirie vipi?

Fundo la pili ni nyuki wadogo. Hapa ndipo watu wa Tanga wanajua zaidi ya vitabu vingi. Asali ya nyuki wadogo inauzwa kwa chupa ndogo na kwa bei kubwa, watu huitafuta kama dawa ya kifua, na kila anayeirina anakwambia hawaumi. Kweli mwiba wao umedumaa, hauchomi, japo wakikasirika watakung'ang'ania nywele na kukung'ata kope. Lakini "nyuki wadogo" si aina moja. Wapo Hypotrigona, wadogo kuliko punje ya mchele, wanaokusumbua machoni kwa kutafuta unyevu unapopumzika chini ya mti. Wapo Meliponula, wakubwa zaidi, wanaokaa kwenye mashimo ya miti, na wengine hata ardhini. Na msitu wa pwani una Dactylurina schmidti, ambaye hatafuti shimo: ananing'iniza kiota chake chini ya tawi, amekifunika kwa ngozi ya utomvu na nta, na masega yake ya watoto yanasimama wima kama vitabu rafuni, ilhali ndugu zake wengine huyalaza. Asali ya wote hawa haiwekwi kwenye sega, bali kwenye vijungu vya nta vilivyobanana. Mrina atakutofautishia viota vya namna tatu au nne kwa mlango tu, kwamba huu ni bomba refu, huu mfupi, huu umezungushiwa udongo. Ujuzi huo ni kazi ya sayansi iliyokwisha kufanywa. Kilichobaki ni mtu wa kuuandika.

Halafu kuna wanaofanana bila kuwa ndugu, na ndugu wasiofanana. Xylocopa nigrita jike ni mweusi ti, ana manyoya meupe ubavuni. Dume lake ni la rangi ya dhahabu kutoka kichwani hadi mkiani. Dume la huyu wa bibi nalo ni njano tupu. Anayeokota mmoja mmoja kwa mara ya kwanza ataandika aina nne pale penye mbili. Upande wa pili kuna nzi wa maua waliovaa mistari ya nyuki ili ndege wawaogope, na mtu ataandika aina mbili pale pasipokuwa na hata moja. Nzi ana jozi moja ya mbawa, nyuki ana jozi mbili, na nyuki akiwekwa chini ya hadubini manyoya yake yana matawi kama unyoya wa kuku. Nyigu manyoya yake ni uzi mtupu. Kuna pia nyuki wa jenasi Thyreus, mweusi mwenye madoa ya buluu yanayong'aa, mzuri kupita wote, ambaye hakusanyi chavua kabisa. Anavizia kiota cha nyuki wa jenasi nyingine, Amegilla, anataga yai lake humo, na mwanawe anakula chakula cha mwenyewe. Ukimkuta Thyreus umeshajua kwamba Amegilla yupo jirani hata kama hujamwona.

Namna ya kuwakusanya ina siasa yake. Njia ya kwanza ni wavu: unatembea njia ileile kwa muda uleule, unanasa wanaotua mauani. Wavu una tabia ya mwenye wavu. Mwenye macho makali anapata wengi, mwenye pupa anapata wakubwa tu. Njia ya pili ni mabakuli ya plastiki ya njano, buluu na nyeupe, yenye maji na tone la sabuni ya vyombo. Nyuki anadhani ni ua, anashuka, na kwa kuwa sabuni imevunja utando wa juu wa maji, anazama. Mabakuli hayachoki wala hayabagui kwa uzuri, lakini yanabagua kwa ukubwa: hunasa vinyuki vidogo vya familia ya Halictidae kwa wingi, wakati nyuki kama wa bibi anapita juu bila kujali. Njia ya tatu ni kufunga matete au mianzi mikavu kama kifurushi cha kuni na kukitundika, kisha ungoje wanaokaa kwenye vitundu waje wapange. Hapo utawapata Megachile, wale wanaokata majani ya mbaazi na mabogenvilia kwa duara safi kama la mkasi ili kuvingirishia watoto. Njia moja peke yake itakudanganya. Anayekwambia aina fulani haipo, muulize kwanza alitumia nini.

Mimi na rafiki yangu tulijaribu mabakuli kando ya shamba la michungwa. Siku ya kwanza mbuzi waliyanywa. Siku ya pili tulinasa vinyuki kama thelathini, tukawatia kwenye vichupa vya spiriti, tukaandika karatasi kwa kalamu ya wino na kuzitia humohumo. Wiki mbili baadaye spiriti ilikuwa ya buluu na karatasi zilikuwa nyeupe. Vinyuki thelathini, hakuna hata kimoja kinachosema kimetoka wapi. Lebo huandikwa kwa penseli, na huandikwa kila kitu: Tanzania, Tanga, Muheza, nyuzi 5.17 Kusini na 38.78 Mashariki, kimo kutoka usawa wa bahari, tarehe, jina la mkusanyaji, ua alilokuwapo. Nyuki asiye na lebo ni takataka yenye mbawa. Na wanaofanya hili kwa utafiti rasmi, tofauti na sisi tuliokuwa tukijifunza uwanjani kwa mtu, wanahitaji kwanza kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Wapi pa kuwatafuta ni swali linalowapotosha hata wasomi. Ukisema viumbe adimu vya Tanga, kila mtu anataja msitu wa Amani, kwenye milima ya Usambara. Ana haki. Wajerumani walijenga kituo cha utafiti pale mwaka 1902, msitu ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na Usambara ndiyo nyumbani kwa lile ua la zambarau ambalo siku hizi limejaa madirishani Ulaya. Mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyepeleka mbegu zake Ujerumani mwaka 1892, na ua likachukua jina lake: Saintpaulia. Chavua yake nayo imefungiwa, kama ya biringanya, na inahitaji nyuki wa kutikisa. Lakini kwa nyuki, msitu wenye mvua si lazima uwe tajiri kuliko nyika. Ramani ya dunia iliyochapishwa 2021 ilionyesha kwamba aina nyingi za nyuki zinakusanyika kwenye maeneo makavu, mbali kidogo na ikweta, kinyume cha miti na ndege. Sababu inaeleweka ukiwa na jembe mkononi: zaidi ya nusu ya nyuki wa dunia huchimba ardhini. Udongo unaolowa mwaka mzima unaotesha ukungu kwenye mkate wa chavua na kuozesha mtoto. Kwa hiyo kabla ya kupanda gari la Amani, mtu angefanya vyema apige magoti kwenye njia ya vumbi upande wa Mkomazi au Handeni, aangalie vitundu vidogo vyenye kifusi pembeni. Vingine ni vya sisimizi. Vingi si vyao.

Hata mashamba ya mkonge yana wapangaji. Mkonge si wa kwetu: Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche 62 tu ikafika hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Lakini mlingoti wake ukishatoa maua na kukauka ni laini ndani na mgumu nje, yaani nyumba iliyotengenezwa kwa kipimo cha Xylocopa. Bibi nilimshauri asimamishe vipande viwili vya mlingoti mkavu pembeni ya biringanya na aipake boriti rangi ya mafuta, maana wanaipenda mbao iliyo uchi.

Majira nayo yanabadilisha orodha. Aina nyingine huruka wiki chache tu kwa mwaka, maua yake yanapofunguka baada ya masika au vuli. Mtafiti akija Agosti na kurudi Septemba, amewahesabu wa Agosti na Septemba, si nyuki wa Tanga. Wengine wanaishi juu ya vilele vya miti, mita thelathini kutoka kwenye wavu wako.

Hapo wataalamu wamebuni njia ya kuwahesabu hata wale ambao hawajawaona, na ni hesabu nzuri ya kufanyia kwenye kipande cha karatasi. Mtakwimu wa Taiwan, Anne Chao, aliitoa mwaka 1984. Tuseme umekusanya aina 40. Kati ya hizo, 12 umezipata mara moja tu, na 6 umezipata mara mbili. Wengi wa mara moja ni dalili kwamba bado kuna wanaojificha. Unachukua 12 mara 12, unapata 144, unagawa kwa mara mbili ya 6, yaani 12, unabaki na 12. Jumlisha na zile 40: kwa uchache zipo aina 52. Ukizidi kukusanya, wa mara moja wanapungua, na siku watakapokwisha ndipo useme umekaribia.

Ila namba hiyo inadhani umeshajua nani ni nani, na hapo ndipo msongamano mkubwa ulipo. Kupanga nyuki kwenye familia unaweza kujifunza kwa wiki: unatazama mishipa ya bawa, urefu wa ulimi, mahali anapobebea chavua, mguuni au chini ya tumbo. Kufika kwenye spishi ni kazi nyingine. Wengi wa nyuki hawa walipewa majina zama za ukoloni na watu kama Heinrich Friese, Mjerumani aliyechapisha orodha ya nyuki wa Afrika mwaka 1909. Maelezo ni mistari michache ya Kijerumani au Kilatini, na vile vielelezo halisi ambavyo majina yamefungwa kwavyo, vingi viko kwenye droo za makumbusho ya Berlin. Kijana wa Tanga mwenye nyuki mkononi aliyenaswa Tanga anaweza kulazimika kumlinganisha na mdudu mwenzake aliyepelekwa Ulaya zaidi ya karne moja iliyopita. Sioni neno la upole la kulielezea hilo.

Vinasaba vinasaidia, si kwa miujiza inayotangazwa. Unakata mguu mmoja, unasoma kipande cha vinasaba chenye herufi kama 650, unakilinganisha na maktaba ya dunia. Kinafaa sana kuwarudishia dume na jike ndoa yao: mweusi na wa dhahabu wakisomeka sawa, umepunguza aina moja kwenye orodha. Lakini maktaba hiyo imejaa nyuki wa Ulaya na Marekani. Wa kwetu wengi jibu linarudi tupu, na mtu akipakia jina alilokisia, wote watakaofuata watakosea naye.

Ndiyo maana huwa nasita nikisikia semina ya kila tarehe 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani, ikitangaza kwamba nyuki wa pwani wanapungua. Huenda ni kweli. Misitu imekatwa, viuatilifu vinapuliziwa mchana kweupe maua yakiwa wazi, na hayo yote yanaua. Lakini kupungua ni tofauti ya namba mbili, ya jana na ya leo. Kwa nyuki wa asali mrina atakupa namba ya jana kwa ndoo. Kwa mchimba ardhi asiye na jina, hakuna aliyeandika ya jana, na nafasi ya kuandika ya leo inapita kila msimu.

Kwa asiye na hadubini bado kuna kazi. Picha tatu za simu, ya mgongo, ya uso na ya bawa, pamoja na mahali, tarehe na jina la ua hata kama ni la Kibondei au Kisambaa, zikiwekwa kwenye mitandao ya wazi kama iNaturalist zinafika kwa watu wanaojua. Xylocopa na Thyreus hutambulika hivyo mara nyingi. Vidogo haviwezekani, vitabaki na jina la jenasi, na si aibu kuandika jenasi tu.

Mara ya mwisho nilipopita Muheza, vipande vya mkonge vilikuwa vimesimama penye biringanya, kimoja kina matundu matatu. Boriti ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, ila upande mmoja tu, rangi iliishia njiani. Chini ya ule upande mwingine palikuwa na kirundo cha unga.

"Huyu wa huku hajaona nyumba mpya," bibi akasema, akachukua ufagio.